Kipande cha Nne

Suad alikuwa ameshakata vitabu thelathini na saba kwa kisu cha kukatia sukuma wiki, na hakuna hata kimoja kilichomkosesha raha mpaka Mzee Kimotho alipopiga simu Ijumaa asubuhi.

"Kile kinene chenye jalada la kijani," mzee alisema. "Kiliingia kimakosa kwa lile boksi la vitabu nililokupa mwaka jana. Kilikuwa cha marehemu mama Tabby. Kesho ukija kuchukua ufunguo, nibebee."

"Sawa, mzee." Simu ikakatika, na Suad akajikuta amekalia debe la maji. Maskini wee! Katika vitabu vyote, kile!

Msimwone mjinga. Kibanda chake cha kuazimisha vitabu pale Makina, Kibera, kilikuwa karibu kufa. Watu walikuwa wakiingia, wanashika kitabu kinene, wanakipima mkononi kama nyama ya buchani, kisha wanakirudisha. "Hii ni ya watu hawana kazi," wanasema, halafu wanaenda kukaa kibarazani kutwa nzima. Ndipo alipoanza kukata. Kitabu kimoja alikitoa vipande vinne vyembamba, akavishona kwa nyuzi za rangi, kwa ule mshono aliofundishwa na nyanya yake Mnubi kwenye kusuka vikapu. Basi hao hao wasio na nafasi wakaanza kumgongea mlango alfajiri wakitaka kipande kinachofuata. Nereah, muuza samaki wa omena wa Kisumu Ndogo, alikisoma kile cha kijani hadi mwisho kwa wiki mbili, na paka wakala omena wake akiwaangalia.

Sifa hizo zilimfikia Mzee Kimotho, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha kule Kawangware. Marehemu mkewe Wangoi, huyo mama Tabby, alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwa heshima yake mzee akaahidi kumpa Suad chumba cha mbele, kinachotazama barabara, bure kabisa. Alichosikia ni kwamba Suad anasomesha watu. Habari ya kisu hakuna aliyempa. Na kibanda cha Makina kilikuwa kinavuja, mwenye kibanda anakitaka mwisho wa mwezi. Suad alikitaka mno kile chumba.

Vipande vitatu vya kile cha kijani vilikuwa kwenye rafu. Cha nne kilikuwa kwa Obiero, mlinzi wa geti moja la mtaa wa Ayany. Akaenda mbio.

"Niaje, Obiero. Nipe hicho kitabu."

"Zimebaki kurasa kumi na moja."

"Nitakuhadithia mwisho."

"Ukinihadithia tutakosana, dadangu."

Na angehadithia nini? Yeye mwenyewe hakuwa amekisoma. Alikuwa anakata tu. Akaenda huku na huku mbele ya geti, anatazama simu, anafunga leso upya. Obiero alisoma huku midomo ikimtembea, polepole, anaramba kidole kabla ya kila ukurasa. Gari likipiga honi anafungua kwa mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kimebaki ndani ya kitabu. Suad alitamani kumnyang'anya.

Mwishowe Obiero akashusha pumzi, akatoa biro, akaandika kitu.

"We! Unaandika kwa kitabu cha wenyewe?"

"Si wote wameandika?"

Suad akakichukua. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na mwandiko mzuri wa mwalimu: *Kimotho, ukifika hapa njoo jikoni uniambie. Mimi sitauliza.* Chini yake, kwa mikono mingine: *Nimefika. Nereah, Kisumu Ndogo. Nimefika. Nekoye, kijiji cha Raila.* Na sasa, wino haujakauka: *Nimefika. Obiero, geti.*

"Huyo Kimotho," Obiero akauliza, "alifika kweli?"

Suad akakibana kipande kwapani, akaondoka.

Kesho yake, Kawangware, alivipanga vipande vyote vinne juu ya meza ya mzee. Hakutafuta uongo.

"Umekata kitabu cha Wangoi," mzee akasema.

"Nimekata, mzee. Sikujua ni chake. Nisamehe."

Mzee alizigusa zile nyuzi za rangi, moja baada ya nyingine. Suad alishaanza kukiaga kile chumba.

"Aliniwekea kando ya kitanda miaka tisa," mzee akasema mwishowe. "Nafika ukurasa wa arobaini, naangalia zilizobaki, nachoka. Siku moja nikamwambia nimemaliza. Akanitazama, akacheka, akaenda kupika."

Suad akajua kwa nini Wangoi alicheka.

Mzee akaokota kipande cha kwanza, akakipima mkononi. "Hiki ni kidogo."

"Ni kidogo, mzee."

"Basi niachie hiki. Vingine kaa navyo, nikiviona nitachoka tena. Nikimaliza vyote, chumba ni chako. Nikishindwa, utanishonea kitabu kama kilivyokuwa, na wewe na kisu chako nisiwaone hapa."

Hizo wiki Suad hakula vizuri. Kipande cha kwanza kilichukua siku tisa. Cha pili, mzee alipiga simu kulalamika: "Huyu mwandishi ana maneno mengi!" Mwenye kibanda naye akaja mara mbili kuuliza anahama lini. Suad angeweza kusema neno moja tu: mzee, fungua ukurasa wa mwisho. Angepewa ufunguo siku hiyo hiyo. Aliuma ulimi mpaka ukachoka kuumwa. Cha nne alikipeleka Jumamosi, akarudi Makina kufunga vitu vyake kwenye magunia, bila kujua yanaelekea wapi.

Alhamisi simu ikalia. "Njoo."

Alimkuta mzee amekaa uani, kofia iko magotini.

"Nekoye ni nani?"

"Fundi cherehani, mzee. Wa Raila."

"Na Obiero?"

"Mlinzi."

"Wote wamenitangulia." Akapitisha kidole juu ya ule mwandiko wa mwalimu. "Alijua. Miaka yote alijua sikusoma, na hakuniaibisha."

Akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni. Ndani binti yake Tabby alikuwa anamenya viazi. Mzee hakumtazama.

"Wangoi," akaita, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. "Nimefika."

Tabby akaweka kisu chini. Suad alilia waziwazi pale uani, hata hakujali nani anamwona.

Mzee aliporudi alimwekea ufunguo kiganjani. Kisha akabaki amenyoosha mkono.

"Nipe biro," akasema.