Ada ya Mafundi wa Maabara

Binti yangu aliweka jedwali la ada juu ya meza ya jikoni, kando ya kikombe changu cha chai, akasimama akisubiri nimsifu.

Yeye ni katibu wa Chama cha Wanasayansi wa Udongo, mwaka wake wa kwanza. Mimi ni mwanachama wa chama hicho hicho, fundi wa maabara mwenye stashahada, mwaka wangu wa kumi na tisa. Kila mwaka mkutano mkuu hupanga ada za mwaka unaofuata, na kuandaa mapendekezo ni kazi ya katibu.

Nikasoma. Watafiti na wahadhiri, elfu sitini. Wastaafu, elfu thelathini. Wanafunzi, elfu kumi. Mafundi wa maabara, bure.

"Umeona?" akasema. "Na mwenyekiti ameshakubali. Jumamosi ni kupitisha tu."

"Nimeona. Kunywa chai, utachelewa."

Kusema kweli, nilifurahi. Tulikuwa tunalipa elfu thelathini, na hiyo ni pesa, hasa mwezi ambao paa linavuja.

Kazini siku hiyo nilikuwa na sampuli kumi na mbili. Udongo hutikiswa ndani ya silinda ya maji, kisha huachwa utue. Mchanga hushuka kwa sekunde arobaini. Udongo wa mfinyanzi huning'inia majini, na mimi husubiri saa mbili kabla ya kusoma kipimo mara ya pili. Katika saa mbili hizo wenzangu hufuma vitambaa au hugombana na waume zao kwenye simu. Mimi nilisoma katiba ya chama. Binti yangu alikuwa ameibana pamoja na jedwali, nami nikaja nayo kazini; sipendi karatasi ikae bila kusomwa.

Kifungu cha nane: mwanachama aliyelipa ada ya mwaka ndiye mwenye haki ya kupiga kura.

Nikakirudia, kama ninavyorudia kipimo nisichokiamini.

Mkutano wa mwaka ujao una hoja yangu. Niliipeleka mwenyewe: kwamba aliyepima udongo atajwe kwa jina kwenye makala za jarida la chama, badala ya kushukuriwa kwa jumla kama "wahudumu wa maabara". Tuko mafundi kumi na mmoja. Kura hizo kumi na moja ndizo pekee nilizokuwa na uhakika nazo, na ile bure ilikuwa inazifuta zote, mchana kweupe, kwa roho safi kabisa.

Nikampigia simu.

"Mama, nani atakumbuka kifungu cha nane?"

"Yule atakayeona anashindwa."

"Ajenda imeshatumwa. Ukisimama kunipinga mbele ya watu, nimekwisha. Tayari wananiita Kifaranga."

"Basi simama wewe, urekebishe."

"Niseme katibu hajui katiba?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Mama!" Kisha sauti ikashuka. "Umenilipia ada ya shule miaka kumi na sita. Nilitaka angalau ada moja ikuondokee."

Nikamwambia saa ya kipimo imefika, nikakata simu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Jumamosi ukumbi ulijaa nusu. Mwenyekiti wetu ni profesa tunayemwita Kidole, kwa sababu udongo wowote lazima ausugue kwa kidole chake kwanza ndipo aamini maabara. Akasoma jedwali safu kwa safu.

"Mafundi wa maabara, bure! Makofi kwao!"

Watu wakapiga makofi. Hata fundi mwenzangu aliyekaa kando yangu akapiga, tena kwa nguvu. Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba tulipishwe."

Wakaangua kicheko. "Mama," mweka hazina akasema, "watu huja hapa kulia wapunguziwe. Wewe unalia uongezewe?"

"Kifungu cha nane. Asiyelipa hapigi kura."

Kurasa zikaanza kufunuliwa. Mhadhiri mmoja akasema hilo ni jambo dogo, kifungu kibadilishwe.

"Kubadilisha katiba kunahitaji notisi ya miezi mitatu," nikamwambia. "Ada inahitaji mikono tu, hapa hapa."

Kidole akageuka. "Katibu, hukuliona hili?"

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameshika kalamu kama mtu aliyeshika reli ya ngazi. Angeweza kusema ni kosa la uchapaji, na wangemwamini.

"Sikuliona, mwenyekiti," akasema. "Fundi ndiye aliyeliona." Kisha akanigeukia. "Unapendekeza kiasi gani?"

"Elfu thelathini, kama zamani."

"Jina kamili la mtoa hoja?"

Nikamtajia, taratibu, jina ambalo amekuwa akilijaza kwenye fomu tangu darasa la kwanza, penye nafasi ya mama. Akaliandika lote.

Ikapita, mikono ishirini na saba kwa tisa. Mmoja wa wale tisa ni yule fundi mwenzangu, na mpaka leo hanisalimii vizuri.

Baada ya mkutano nilikwenda kwenye meza ya mlangoni, ambako katibu hupokea ada kwa wanaotaka kulipa mapema. Nilipofungua mkoba, naye akafungua wake.

"Funga pochi yako," nikamwambia.

"Umeniaibisha, Mama."

"Najua. Na wewe ungeniuliza kabla ya kuniwekea bure."

Alihesabu noti, akaandika risiti, akaichana kitabuni, akanipa bila kunitazama. Nikaisoma.

"Umekosea tarehe."

Akaivuta, akakata ile tarehe kwa mstari mmoja, akaandika iliyo sahihi juu yake, akatia saini yake kando ya masahihisho. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ukatibu atauweza.