Akaunti ya Luka

Barua pepe za kampuni ziligoma tangu asubuhi. Mteja wa Geita alipiga simu kulalamika kwamba kila anachotuma kinamrudia, na Herman, meneja, akatoka ofisini kwake amekunja uso.

"Euphrasia, nafasi imejaa. Futa matakataka yote. Na walioondoka, futa akaunti zao kabisa."

Euphrasia alikuwa karani wa kampuni hiyo ya kuchoronga, yaani kutoboa, miamba ya migodini, pale Nyasubi, mjini Kahama. Akaanza na matangazo: matairi, hoteli, semina zilizokwisha pita, watu wasiojulikana wakiahidi utajiri. Kazi ilimpendeza, akajiona kama anayefagia ua. Kisha akaingia kwenye akaunti. Ya dereva aliyehamia Mwanza, akafuta. Ya mhasibu aliyeacha kazi, akafuta. Akafikia ya Luka.

Luka alikuwa fundi wa mashine. Alifariki mwaka jana, gari la kazini lilipopinduka njia ya Bulyanhulu. Euphrasia alitegemea kukuta matangazo ya vipuri. Akakuta barua ambazo hazijafunguliwa, zimejaa kutoka juu hadi chini, zote za mtu mmoja: Ritha, mjane wake. Ya mwisho ilikuwa ya juzi.

Akafungua moja kabla hajajizuia.

"Baba Blessing, leo nimempa mdogo wako viatu vyako vya kazini. Vimemkaa vizuri. Usikasirike, vilikuwa vinaota ukungu."

Akaifunga upesi, kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila hodi, akamfuata Herman.

"Bosi, hii ya Luka tuiache. Mkewe bado anamwandikia."

"Anamwandikia marehemu?"

"Ndiyo."

Herman akainamia meza. "Mwambie kwanza, kisha ufute. Sitaki mtu mwingine hapa aje azisome."

Ritha alikuwa amerudi kwao Runzewe, akishona nguo sokoni. Alipopokea simu, cherehani ilisikika ikilia. Euphrasia alipojitambulisha kuwa ni wa ofisini kwa marehemu, ikanyamaza. Akaeleza yote.

"Nilijua kuna siku itafungwa," Ritha akasema. "Alipokuwa saiti, kule migodini, simu ilikuwa haishiki ila kompyuta yao ina mtandao, ndiyo tukawa tunaandikiana kwa barua pepe. Nikazoea." Kisha akauliza, "Umezisoma?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama Blessing."

"Asante. Basi futa."

"Nikutumie kwanza, uzihifadhi?"

"Za nini? Sikuziandika nizisome mimi." Akaongeza, "Ila ningejua, kwenye ile ya juzi ningemuaga."

"Muage sasa. Andika, nitasubiri."

Euphrasia akasubiri. Akafuta matangazo mengine, kila mara akirudi kuangalia. Hakikuingia kitu. Wenzake walikwenda kula, wakarudi, wakaanza kukusanya mikoba yao waende nyumbani. Herman alichungulia mlangoni, akamwona, akaondoka bila kuuliza.

Ndipo meseji ikaingia kwenye simu ya Euphrasia. Ilitoka kwa Ritha.

"Nimeshindwa dada. Kila nikianza naona kama namfukuza. Futa tu."

Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Euphrasia akabonyeza ndiyo, na jina la Luka likatoka katikati ya majina ya wenzake, yaliyobaki yakasogea kuziba pengo. Akashika simu amjibu Ritha. Alitaka kumwambia kuhusu vile viatu. Akaandika, akafuta, akaandika tena, mwishowe akatuma neno moja, "Tayari," akazima taa.