Paa la Kepher na Loice

Saa nane mchana Loice Nyaberi alikunja godoro, akaliegemeza pembeni mahali palipovuja kidogo, akafunika unga kwa sufuria. Kisha aliketi kwenye kigoda katikati ya nyumba akangoja. Mvua ya mawe ilianguka juu ya paa lake la nyasi, na haikuanguka mahali pengine. Hatua sita kutoka mlangoni wanawake walikuwa wanachuma chai juani, makapu mgongoni, wakizungumza habari za sabuni. Mawe yalipokoma, mpishi wa meneja alikuja na ndoo kuchukua barafu ya pombe ya bwana, akasema asante mama, akaenda zake.

Ilikuwa hivyo kila siku tangu mwaka wa 1934. Mwaka huo mawe yalipiga shamba lote, huku upande wa Kapsoit, mpaka michai ikabaki vijiti, na wachumaji wakaambiwa warudi kwao kwa kuwa hakuna cha kuchuma. Mume wa Loice, Kepher, alikuwa mwinjilisti wa kanisa la laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, na watu walimwita Mwalimu; na mwinjilisti akishika moto husema mengi. Jumapili moja alisema, Bwana, kama ni lazima mawe yaanguke, yaanguke juu ya nyumba yangu, watu hawa wapate kazi. Kanisa zima likasema amina. Loice naye alisema amina, maana mke wa mwinjilisti atasema nini tena. Jumatatu yakaanza.

Kepher aliomba mabati. Wakubwa walikaa mkutano, wakajibu kwamba hakuna ajuaye kama mawe yatakubali mabati, kwa hivyo nyasi ibaki. Mwaka wa 1949 mume na mke walikwenda kwao Kisii siku moja kuzika binti yao, na siku hiyo ekari themanini zikapigwa. Tangu hapo ruhusa yao iliwekwa kwa meneja mwenyewe, na ikikaa kwa meneja haitoki.

Kufika 1956 Loice alikuwa anakohoa mchana na usiku. Dresa wa zahanati alisema kifua hicho hakitamaliza msimu mwingine katika nyumba ile. Kijana wao, Nyamwange, alikuwa amewajengea chumba huko Kisii, kikavu, na kitanda ndani. Loice hakutaka kitu kingine duniani ila kulala katika chumba hicho kabla kifua hakijamshinda.

Basi Karani Okeyo alipokuja kusema wakubwa wanataka kuwaheshimu wote wawili kwa utumishi wa maisha yote, Loice alifunga mzigo siku hiyo hiyo. Katika shamba lile mtu akipewa saa ya mezani ilijulikana amemaliza, na lori linampeleka kwao jioni. Ndivyo alivyokwenda dereva wa kwanza, na fundi wa mashine baada yake.

Wageni walitoka Nairobi na magari manne. Viti viwili viliwekwa mbele, vimefungwa maua. Saa nane ikikaribia, nyapara Chepyegon alikuja akiwa amevaa koti la kuazima.

"Mama, Mwalimu, ingieni ndani. Wageni wanataka kuona."

"Na viti vyetu?" aliuliza Kepher.

"Viti viko. Hakuna mtu atavikalia."

Kwa hivyo waliheshimiwa wakiwa ndani. Mawe yalianguka vizuri, wageni wakapiga makofi, bibi mmoja akaomba sweta. Meneja alisema, "Mzee hii na bibi yake, kazi yao mzuri sana." Kisha saa ikawekwa juu ya kiti cha Kepher. Wenyewe hawakusikia neno kwa sababu ya kelele ya paa.

Mawe yalipokoma Loice alitoka, shuka imelowa, mzigo kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye lori. Okeyo alimfuata.

"Mama Nyamwange, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Saa si tumepewa?"

"Hiyo ni ya heshima tu. Barua inasema utumishi wa maisha yote. Nyinyi si bado mko hai?"

"Kwa hivyo tungoje tufe."

"Mimi sijasema hivyo, mama. Nimesoma barua."

"Na tukifa?"

"Kijana wenu ataandikiwa."

"Barua ya pole?"

"Ya kazi."

Loice alishusha mzigo. "Okeyo, mwambie bwana alale humo siku moja tu. Yeye ni mnene, mawe hayatamkosa."

Chepyegon alicheka, kisha akakumbuka amevaa koti la watu. Lori lilipakia viti, likaenda. Kepher alimshika mkewe mkono, akasema, tuombe.

"Baba Nyamwange," alisema Loice, "wewe tafadhali usiombe tena."

Loice alikufa mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, saa tisa, baada ya mawe kukoma. Ruhusa ya kumpeleka Kisii haikutoka, kwa hivyo alizikwa kesho yake asubuhi ukingoni mwa chai. Siku hiyo hiyo saa nane mawe yalianguka juu ya kaburi lake, eneo la mkeka mmoja, na paa halikupata hata jiwe moja. Meneja alikuja na buti, akatazama mpaka yakaisha, akaonekana ameridhika.

Jumatatu asubuhi lori lilisimama mlangoni kwa Kepher.

"Sasa unaweza kwenda, mzee," alisema Okeyo. "Nyumba inatakiwa."

"Sasa sitaki. Mke wangu yuko hapa, na bado anafanya kazi yenu."

"Anafanya, sikatai."

"Yeye alikaa kwa nyumba hii kwa sababu ya kazi yangu. Na mimi nikae kwa sababu ya kazi yake."

Okeyo aliona neno hilo lina maana. Alirudi ofisini, akafungua kitabu cha wafanyakazi tangu 1934, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akarudi.

"Mzee, huyu mama hakuwahi kuandikwa. Jina lake halimo."

"Si mlimheshimu mbele ya watu wa Nairobi?"

"Tulimheshimu. Lakini hakuandikwa. Mume wa mtu ambaye hakuandikwa hana nyumba hapa."

Kepher alipanda. Aliomba lori lingoje saa nane ifike ndipo liende, na dereva akamwambia kwa upole kwamba saa nane anatakiwa kiwandani. Waliondoka saa tano.

Wiki ile jua liliwaka shamba zima, isipokuwa pale pa mkeka mmoja. Majani yote yaliyochumwa yalipita kiwandani, hata kapu moja halikukataliwa.