Idi Kando ya Mto Rhine

Halfani alikuwa Mrangi wa Kondoa, mnunuzi wa nta na ngozi. Zamani za Wajerumani, kabla reli haijafika Dodoma, alikuwa akipita Ugogo na punda wake kijiji kwa kijiji, na katika kupita huko alimpata Mwajabu huko Hombolo. Mwajabu lilikuwa jina alilopewa siku ya ndoa. Baba yake, Mzee Matonya, hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo binti huyu ndiye aliyekuwa akichunga ng'ombe wa nyumba ile tangu utotoni, na mpaka anaolewa alikuwa bado na mwendo wa wachungaji, wa polepole na usiochoka.

Reli ilipofika, Halfani akafungua duka karibu na stesheni ya Dodoma. Waliishi vizuri. Mume lugha yake Kirangi, mke lugha yake Kigogo, na kati yao kilisimama Kiswahili. Kwa Kiswahili waliulizana chakula, waligombana kidogo, walipatana. Halfani hakuona kama kuna kitu kinachopungua.

Kisha akaja Bwana Reinke, Mjerumani mwembamba aliyekuwa amekaa Kondoa akijifunza lugha za watu. Alimwomba Halfani aende naye Hamburg, kwenye chuo kimoja, akawafundishe Kirangi watu waliotaka kukijua. Aliposikia kwamba mkewe ni Mgogo, akaomba waende wote wawili. Halfani akamwachia duka mdogo wake, Zaidi, wakapanda treni mpaka pwani, na kutoka huko meli.

Hamburg walikaa majira yote ya baridi na zaidi. Kila asubuhi Halfani aliingia chumba kimoja kutamka maneno ya Kirangi mbele ya wanafunzi, na Mwajabu aliingia chumba kingine. Huko aliketishwa mbele ya mashine yenye pembe ya bati, iliyonasa sauti ya mtu. Bwana Reinke alimwambia aseme lolote apendalo, kwa Kigogo, kama anavyosema nyumbani. Mwajabu alisema. Siku nyingine alisema mpaka mashine ikajaa, wakabadilisha, akaendelea.

Lakini wakirudi chumbani kwao hakuwa na maneno. Njiani watu waliwakodolea macho, watoto wakawafuata, na yeye alitembea akitazama chini. Halfani alidhani ni baridi. Akamnunulia shali, kisha ya pili. Mwajabu alizivaa zote mbili na kushukuru, na bado hakusema.

Kazi ilipokwisha, Bwana Reinke alitaka kuwaaga kwa heshima. Badala ya kuwapeleka moja kwa moja kwenye meli ya kurudi, aliwakatia safari ya mtoni, kushuka mto Rhine kutoka Mainz mpaka Rotterdam, ambako meli ya Afrika ingewachukua. Walikaa kwenye sitaha, wakaona ngome za kale juu ya majabali na mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko mikali mpaka Halfani akajiuliza wanaivunaje. Siku za mwisho za Ramadhani zilikuwa zimewakuta safarini, nao walikuwa wakila mchana kama wasafiri, wakiahidi kulipa.

Siku ya pili Bwana Reinke alikuja na habari.

"Meli yenu imeharibika mtambo," alisema kwa Kiswahili chake cha Kondoa. "Itachelewa kufika Rotterdam. Mtakuwa na siku kadhaa za kungoja. Wewe ndiye mume, Halfani. Chagua mnapotaka kukaa."

"Kuna wapi, Bwana?"

"Mnaweza kukaa Köln. Au kuna dada yangu, mjane, ana shamba kijijini karibu na mpaka wa Uholanzi. Hakuna kitu pale. Majani, ng'ombe na mvua."

Halfani hakuhitaji kufikiri. Köln alikuwako Athuman, mtu wa Bagamoyo, mpishi wa hoteli, ambaye walijuana alipokuja Hamburg. Athuman alikuwa amemwambia kwamba Idi hukusanyika kwake mabaharia na wapishi wachache, wakaswali pamoja na kula pilau. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Tangu aondoke Dodoma Halfani hakuwa amesimama safu moja na Mwislamu mwingine, isipokuwa huyo Athuman, mara moja.

"Tutakaa Köln," alisema. Kisha, kwa adabu, akamgeukia mkewe. "Unaonaje?"

"Sawa," Mwajabu alisema.

Alasiri ile majabali yakaisha, nchi ikawa tambarare. Meli ilipita karibu sana na ukingo. Kundi la ng'ombe lilikuwa limeteremka kunywa maji, ng'ombe wakubwa, weupe wenye mabaka meusi. Mwajabu alisimama. Alishika chuma cha sitaha, akaita. Ulikuwa mwito mrefu, unaopanda na kushuka, wenye maneno ndani yake, na Halfani hakuwahi kuusikia. Abiria waligeuka. Ng'ombe mmoja akainua kichwa, maji yakimchuruzika mdomoni, akaitazama meli mpaka ikapita.

Mwajabu alikuwa akicheka. Halfani aliutazama uso wake, akajaribu kukumbuka ni lini aliuona hivi mara ya mwisho. Ilikuwa Dodoma, kabla ya treni.

Mwajabu alipoketi, Halfani alimwuliza, "Ulimwambia nini?"

"Nimemwambia anywe maji polepole, hakuna anayemfukuza."

"Maji mnaitaje?"

Mwajabu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake wa tumbo moja. "Malenga."

"Malenga? Si watunga mashairi hao?"

"Kwenu nyinyi Waswahili. Kwetu ni maji."

Alisema hivyo kwa utani, lakini Halfani hakucheka. Alikuwa amekunywa maji mkononi mwa mwanamke huyu miaka yote ya ndoa yao na hakujua anayaitaje. Alikumbuka ile mashine ya Hamburg.

"Mle chumbani," alisema, "kila siku ulikuwa unaiambia nini ile pembe?"

Mwajabu alikunja ncha ya shali yake. "Bwana Reinke alisema niseme kama nyumbani. Nikamwambia mama."

Mama yake alikuwa amefariki kabla hawajaoana.

"Nilimwambia tunavyoishi," aliendelea. "Kwamba huku jua linachelewa kutoka. Kwamba mkate wao mchungu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye Kigogo, na ile pembe ilikuwa inasikiliza."

"Na mimi ulinisema?"

"Nilikusema."

"Ulisemaje?"

"Kwamba ukilala unaweka mkono begani kwangu kama mtu anayeogopa kuibiwa." Alitazama mtoni. "Na kwamba wewe ni mwema. Hilo nilirudia, maana mama alikuwa na wasiwasi na watu wa Kondoa."

Halfani akanyanyuka kumtafuta Bwana Reinke.

Meli ilipotia nanga Köln, Athuman alikuwa gatini amevaa kofia yake ya kiua na koti zito juu ya kanzu, kwa maana Bwana Reinke alikwisha kumpelekea habari ya kwanza, kwamba watashuka hapo. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alimkumbatia Halfani mara tatu.

"Nimewaandalia chumba," alisema. "Mchele nimepata, wa kweli. Shikeni mizigo twende."

"Ndugu yangu, nisamehe," Halfani alisema. "Hatushuki. Tunaendelea mpaka kijijini."

"Kijiji gani?"

"Cha dada yake Bwana Reinke. Kuna ng'ombe."

Athuman alidhani hakusikia vizuri. "Idi ni juma hili, Halfani. Utaswali na nani huko, na ng'ombe?"

"Na mke wangu."

Athuman alimtazama Mwajabu, aliyekuwa amesimama nyuma kidogo na shali zake mbili. Hata mke mwenyewe hakuwa na habari. Mdomo ulikuwa wazi. Athuman alikuwa mtu aliyeishi peke yake ugenini miaka mingi, na labda kwa sababu hiyo hakuuliza zaidi. Alisema, "Ningojeni." Akaondoka mbio, na kengele ya meli ilikuwa ikilia aliporudi na kifurushi: mchele, hiliki, na kipande cha mdalasini.

"Shemeji," alimwambia Mwajabu, "usimwache huyu ale viazi siku ya Idi."

Dada yake Bwana Reinke aliitwa Bibi Lene, mwanamke mnene wa makamo, mwenye mikono myekundu na maneno machache. Aliwapa chumba juu ya zizi, na joto la wanyama lilipanda kwenye mbao za sakafu. Mwajabu alivua shali zote mbili siku ile ile.

Asubuhi alishuka kukamua pamoja na mwenyeji. Mikono yake ilikuwa imesahau. Maziwa ya kwanza yaliingia kwenye mkono wa gauni lake, na Bibi Lene akacheka mpaka akashika ukuta. Huyu alisema Kijerumani, yule Kigogo, na kazi ikaenda. Walipoanza kufunga siku zilizobaki za mwezi, Bibi Lene hakuelewa kwa nini chakula kinarudi. Bwana Reinke, aliyekuwa amefuatana nao, alimweleza. Tangu hapo jua likizama alikuwa ameshaweka mkate na maziwa dirishani, amefunika kwa kitambaa, na yeye mwenyewe ameondoka ili wasione haya.

Halfani alimwambia mkewe, "Mpaka meli ije, usiniambie neno la Kiswahili."

"Utakufa njaa."

"Basi nifundishe kuomba chakula."

Alimfundisha wakitembea nyuma ya ng'ombe malishoni. Halfani alikosea. Aliita ndama kwa jina la shemeji wa kiume, akamwambia Mwajabu kwamba yeye ni mti wakati alitaka kusema amechoka. Mwajabu alikaa chini kwenye majani akicheka, machozi yakimtoka, na baadaye kidogo Halfani akaona kwamba machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Akaketi karibu naye. Hakuwa na maneno ya kutosha ya Kigogo kwa jambo lile, na alikuwa ameahidi kutotumia Kiswahili, kwa hiyo alimshika mkono. Ng'ombe waliendelea kula.

Mwezi hawakuuona, mawingu yalikuwa mazito. Wakakamilisha thelathini, na asubuhi yake wakaoga maji ya kisimani. Halfani alitandika shuka malishoni, akasimama mbele, Mwajabu nyuma yake. Alipoanza takbira aliwafikiria wale wenzake Köln wamesimama bega kwa bega katika chumba cha Athuman, na kwa muda mfupi alitamani sana kuwa pale. Kisha akasikia nyuma yake sauti ya Mwajabu ikiitikia, wazi, sauti ya mtu aliyezoea kuita mbali, akaendelea.

Mwajabu alipika wali kwa maziwa na hiliki. Bibi Lene alikula sahani mbili. Halfani alisema kwa Kigogo kwamba chakula ni kitamu, na safari hii hakuna aliyemcheka.

"Uliitaka sana Idi ya Köln," Mwajabu alimwambia baadaye, kwa Kiswahili, akivunja sharti.

"Niliitaka."

"Ungesema tu. Ningekwenda."

"Najua ungekwenda. Ungesema sawa."

Meli iliwachukua Rotterdam. Walipofika Dodoma, Zaidi alikuwa amelilinda duka vizuri, na Halfani alikaa pale muda wa kupokea salamu tu. Kisha wakaenda Hombolo.

Mzee Matonya alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya tembe. Halfani aliinama.

"Mbukwenyi, baba," alisema, na akaendelea kwa Kigogo kueleza kwamba wamefika salama, binti mzima, safari ilikuwa ndefu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote mkwe huyu alikuwa akimsalimu kwa Kiswahili, naye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo walikuwa wakiulizana hali na kunyamaza.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

"Mwanao."

"Amekufundisha usemi wa wachungaji," mzee alisema. "Hivyo ndivyo tunavyosema na ng'ombe. Kaa. Kuna namna nyingine ya kusema na mkwe."

Halfani akakaa. Mwajabu aliwaacha, akaenda zizini na wanawake wa nyumba ile, na kila alipotazama nyuma aliwaona wawili hao bado wanasemezana, mzee akirudia neno taratibu, mumewe akilifuata.

Walikaa siku nyingi kuliko walivyokusudia. Walipoondoka, mzee aliwapa mtamba mwekundu wa kwenda naye Dodoma. Mwajabu alitangulia kuongoza. Halfani alitembea nyuma na fimbo, kanzu ameikunja kiunoni, na mtamba alipokataa kuvuka korongo alimsemesha kwa yale maneno aliyoambiwa si ya wakwe, mpaka akavuka.