Jaketi la Yosamu

Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, Hamim alilitoa lori Kasese alfajiri, akapitia Hamukungu kupakia samaki wakavu, kisha akakata kona Kikorongo kuelekea Bwera, jirani na soko hilo. Pembeni yake alikaa Yosamu Kambale, mwenye samaki. Walisafiri hivyo miaka mingi wakibishana. Yosamu aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbovu, na Hamim alimwambia kwamba hata wale samaki, pamoja na kufa kwao, wanaumia masikio. Ramadhani ikiingia, Yosamu aliacha kunywa maji ndani ya lori. Hakuna aliyemwomba. Alisema hawezi kumeza maji mbele ya mwenzake aliyekauka koo. Kwao Bwera hakulelewa hivyo.

Ramadhani ya 2014, saa saba mchana, nyati alisimama katikati ya barabara kama mwenye lami. Hamim akamkwepa, lori likalala ubavu. Nyati akaenda zake.

Hapo palikuwa karibu na senta moja ndogo ya maduka mbele ya Kikorongo, ambayo jina lake halistahili wino. Watu wa senta walifika upesi. Sifa hiyo wapewe, mbio wanazo. Walikuja na magunia na mabeseni, na mama mmoja alikumbuka hadi toroli. Hamim alikuwa amebanwa mguu chini ya usukani, anaona kila kitu kupitia kioo kilichopasuka. Yosamu alirushwa nje, akalala majanini.

"Munipatie maji kidogo," alisema.

Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Lhukonzo, mwisho akasema kwa Kiingereza cha shule, asije mtu akasingizia lugha.

"Huyu iko nafunga," alisema Mzee Mugenyi, mwenye duka, huku akimvua jaketi la ngozi. Lilikuwa jaketi zuri, Yosamu alilinunua Butembo. "Si iko na Hamim? Ukimupatia maji, unamuharibia saumu."

Mugenyi alimjua Yosamu vizuri. Kwaya ya Yosamu ndiyo iliyoimba kwenye harusi ya binti wa mzee huyo. Lakini mchana ule watu wazima, wenye akili timamu, waliingiwa ghafla na heshima kubwa kwa dini isiyo yao. Wakaogopa dhambi, wakaendelea kupakia samaki. Alasiri haikufika, Yosamu akafa.

Mazishini Bwera, Mugenyi alishika kipaza sauti akiwa amevaa jaketi lilelile. Alisema amempoteza rafiki wa karibu. Waliomfuata nao walisema hivyo hivyo, ikaonekana kwamba marehemu alikuwa na marafiki wa karibu wa kujaza malori mawili. Evas, mjane wake, alilitazama jaketi, akamtazama aliyelivaa, kisha akatazama chini. Mtu aliyekuja kuzika ni mgeni, na mgeni hafukuzwi.

Wakati wa hotuba jaketi lilianza kuvuja. Maji safi yalitoka kwenye mikono yake na kuingia ndani ya viatu vya Mugenyi. Akadhani ni jasho. Nyumbani alilitundika kwenye msumari, na kulipokucha beseni lililokuwa chini yake limejaa. Upande ule ni mkavu, maji huletwa kwa baiskeli. Mke wa Mugenyi alionja, akasema haya yanashinda ya bomba. Wakaweka pipa. Muda si muda, mbele ya duka kukawa na foleni ya jerikeni, na Mugenyi akapaka nyumba rangi.

Mguu ulipopona, Hamim alirudi barabarani na lori jingine. Asubuhi ya kwanza alimkuta Yosamu amekaa mahali pake, hana jaketi, midomo imepasuka. Hamim alifurahi mpaka macho yakamlowa, akamwambia amechelewa kama kawaida yake. Kwenye kizuizi askari alichungulia ndani, akamwamuru marehemu afunge mkanda.

Hamim alimpa maji ya chupa. Yakafika kwenye midomo ya Yosamu, yakarudi chupani. Bwera, Evas alitoka na kikombe cha nyumbani, akakishika mwenyewe kwenye kinywa cha mumewe. Yakarudi vilevile.

"Si nyinyi niliomba," alisema Yosamu. "Niliomba watu ya pale senta. Mumoja tu anipatie, nitashuka, nitaenda kulala."

Hamim hakutaka ashuke. Alikwisha kuonja kusafiri bila Yosamu, siku ya ajali ndugu yake alipompeleka hospitali kwa gari, na hakupenda. Lakini kumtazama rafiki akikaukiwa safari nzima kulimuuma zaidi. Ijumaa iliyofuata alisimamisha lori mbele ya duka.

"Mzee Mugenyi, patia huyu kikombe moja."

Mugenyi alikuja hadi dirishani. Alimsalimia Yosamu kwa heshima zote, akamuuliza hali ya Evas na watoto. Mikono ya jaketi ilikuwa inatiririka ndani ya pipa nyuma yake.

"Kikombe si shida," alisema. "Lakini laini ya watu ndiyo hii, na maji iko ya kulipa. Nikianza kugawa kwa marafiki, nitamaliza na nani?"

Hamim akageukia foleni. Mama aliyekuja siku ile na toroli, Loyi, aliisogeza jerikeni nyuma ya sketi yake.

"Hii iko ya kupika," alisema.

Basi Hamim akapanga foleni, akalipa. Yosamu akajaribu, yakarudi.

"Hii umenunua," alisema, bila kulaumu.

Walipiga breki pale kila siku ya soko, mwaka baada ya mwaka. Mugenyi alijenga birika la simenti, akaliandika jina lake, na mtu mmoja mkubwa akaja kukata utepe. Ramadhani ya 2019 walisimama tena, jua la utosini, Hamim amefunga na Yosamu amekauka, wamekaa bega kwa bega. Mugenyi alimtazama Yosamu midomo kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Muangalie huyu mutu," aliwaambia walio kwenye foleni. "Mukristo, lakini nafunga mwaka muzima."

Wakamsifu, wakasogea mbele, kila mmoja na jerikeni yake.