Ugonjwa wa Shangazi Daulat

Zeenat Madatali alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari magharibi mwa Toronto. Mwaka 2012, wazee waliotoka Afrika Mashariki walimwalika azungumze nao Jumamosi mchana, katika ukumbi wa jengo lao la ghorofa kule Etobicoke. Mada aliichagua mwenyewe: jinsi Wagiriki wa kale walivyoanza kufikiri kisayansi. Shangazi yake Daulat, aliyemlea, aliketi safu ya mbele na koti la baridi mapajani.

Zeenat alianza na Thales wa Mileto, aliyesema asili ya kila kitu ni maji.

"Alikosea," alisema, "lakini hakusema tu miungu imependa. Alitafuta sababu ndani ya vitu vyenyewe, na waliomfuata wakaweza kumbishia."

Wazee walisikiliza kwa adabu, baadhi walisinzia. Zeenat akahisi ukumbi unamponyoka. Alipofika kwa matabibu wa Kigiriki waliosema kifafa hakiletwi na miungu bali kinatokana na ubongo, akatafuta mfano wa karibu.

"Kwetu Tanga, miaka elfu mbili na zaidi baada ya hao, bibi yangu alimpeleka binti yake akapungwe pepo. Wakamfukiza ubani mpaka akazimia. Kumbe kifafa tu."

Ukumbi ukachangamka. Wengi walicheka. Kisha mzee Sadrudin, aliyekuwa jirani yao Tanga, akageuka kumtazama Daulat, na wengine wakafuata macho yake. Bibi wa Zeenat alikuwa na binti mmoja tu.

Daulat hakuinamisha kichwa. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi kama wengine, akapanda nyumbani kwake bila kungoja chai.

Katika jengo lile Daulat alikuwa akiwalea watoto wa majirani, wazazi wao wakiwa kazini. Fareen, wa ghorofa ya juu, ambaye naye alikuwapo ukumbini siku ile, alikuwa akimwachia binti yake mdogo, Alia, kila alipokwenda zamu uwanja wa ndege. Wiki haijaisha, Fareen alishuka akamwambia Daulat kwa upole kwamba amepata kituo cha watoto. Sababu hakuitaja.

Zeenat aliposikia, alipanda kwa Fareen.

"Anakunywa dawa kila siku," alimwambia. "Hajaanguka tangu mimi niko chuo."

"Nakuamini," Fareen alijibu. "Lakini nimejua ukumbini, pamoja na watu wote, baada ya mwanangu kushinda na kulala kwake siku zote hizo. Kila nikiwa kazini nitakuwa nawaza hilo. Siwezi, Zeenat."

Zeenat aliaga. Alishuka kwa shangazi yake, akamkuta anachambua choroko mezani.

"Fui," alisema, ndivyo walivyomwita shangazi kwao. "Nisamehe. Nimekuharibia."

Daulat aliendelea kuchambua. "Wagiriki wako walisema kweli. Ni ubongo, hata daktari aliniambia. Mimi nakuuliza kuhusu mama yangu."

"Bibi?"

"Alinipeleka hospitali kwanza. Wakasema dawa hakuna, turudi mwezi ujao. Tukarudi, hakuna. Nami nilikuwa naangukia karibu na moto. Angefanya nini? Akaenda kila mahali alikoambiwa. Hayo ungeyajua kama ungeniuliza. Umemfanya mjinga, watu wakamcheka, na hayupo ajitetee."

Zeenat alivuta kiti akaketi. Kila siku aliwaambia wanafunzi wake wasiandike jibu kabla ya kupima. Hadithi ya bibi yake aliisikia utotoni, nusu nusu, na hakuwahi kuuliza nusu ya pili.

"Nirudi ukumbini niwaeleze?"

"Hapana," Daulat alisema. "Umeshaeleza vya kutosha."

Tangu hapo Zeenat akawa anakuja kila Jumamosi, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa imepoa mno bila Alia. Shangazi alimpikia, wakala, wakazungumza habari za hali ya hewa na za ndugu walioko Mississauga. Mambo ya ukumbini hawakuyagusa.

Jumamosi moja walikutana na Fareen na mwanawe ndani ya lifti. Mtoto alimnyooshea Daulat mikono. Daulat alimtazama kwanza mama. Fareen akaitikia kwa kichwa. Ndipo Daulat akainama, akamfunga Alia vifungo vya jaketi, taratibu, mpaka shingoni. Lifti ilipofunguka, Fareen alimshika mwanawe mkono wakatoka.

Zeenat alikuwa nyuma yao. Hakuthubutu kumtazama shangazi yake usoni.