Soksi Nyeusi kwenye Sanduku la Isbrand

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa soksi. Soksi moja, si jozi. Jumatatu mchana nilikuwa naanua nguo, nikakuta kibanio kimebana kamba tupu pale nilipokuwa nimetundika soksi yangu ndefu nyeusi. Upepo wa kwetu unaweza kubeba shuka mpaka uzio wa jirani, lakini upepo haurudishi kibanio mahali pake.

Sikumwambia mtu. Msichana anaanzaje kusema soksi yake imechukuliwa? Wangeniuliza nani alipita barabarani, na kwa nini nilimtazama. Nikavaa za zamani zenye viraka vingi zaidi, nikaanza kuwaangalia watu.

Nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, kaka yangu Isbrand, na mimi. Baba alikuwa amefariki, na Isbrand ndiye aliyeketi kwenye kiti chake mezani. Ndiye pia aliyeendesha karakana ya kuchomelea vyuma upande wa pili wa ua. Watu wa kambi zote za koloni yetu, vijiji vya waumini waliojitenga na mambo ya kisasa, walimletea majembe na pampu na magurudumu ya chuma ya matrekta yao. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la vyuma chakavu. Nililijua lundo lile kama kabati la vyombo, maana kuku wetu walitaga humo na mimi ndiye niliyeokota mayai.

Basi siku chache baada ya soksi, nikaona chekeche la kombaini ya babu, mashine yake ya kuvunia, limekatwa. Lile ambalo kuku mwekundu alipenda kutagia chini yake. Halikung'olewa; lilikatwa kwa msumeno, na kingo zilizobaki zikapigwa tupa hadi zikawa laini. Mtu akikata chuma cha kutupa hapigi tupa. Kisha mashine mbovu ya kufulia ikapoteza ubavu wake mweupe. Mlango wa banda la farasi aliyekufa ukapoteza bawaba. Debe la maziwa likakosa mkono. Nilijaribu kuviunganisha vitu hivyo kichwani na soksi yangu juu yake, sikupata kitu chochote cha halali.

Na Isbrand akaanza kufunga mlango wa karakana kwa ndani, mchana kweupe.

"Kuna msichana," mama alisema mezani, akimpakulia supu ya tambi. "Kijana hafungi mlango kwa ajili ya pampu. Ni Justina wa kina Froese, eh?"

"Justina anacheka kama punda, Mama."

"Hata baba yako alisema mimi natembea kama bata. Ukaja wewe."

Isbrand alicheka, lakini alicheka haraka mno, kama anayemfukuza nzi. Mama naye alicheka huku macho yake yakimtazama mikono. Nilijua kwamba hata mama haamini habari za Justina.

Kando ya mlango wetu wa jikoni kuna meza ndogo, na juu yake mama huweka vyungu vyake vya maua. Wageni huisifu. Hawajui, au wanajifanya hawajui, kwamba meza ile ilitengenezwa kwa ajili ya Mjomba Gerhard, kaka yake mama. Alitia matairi ya mpira, yaliyokatazwa kwetu, kwenye trekta lake, wahubiri wakamwita, akakataa kuyatoa, akatengwa. Aliyetengwa haketi meza moja na waumini, na anayekula naye hutengwa kama yeye. Mama alimpikia mjomba kila kitu alichokipenda, akamwekea pale mlangoni, kisha akampa mgongo akala nasi. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka alivyotafuna taratibu ili tusimsikie. Mwishowe akaenda Bolivia, na mama akaleta vyungu.

Nilikuja kuona sanduku kupitia tundu wanalopitia kuku. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikipapasa mayai chini ya bati. Jenereta ilikuwa inanguruma, nami nikachungulia. Ndani, juu ya benchi, palikuwa na sanduku jeupe lenye kimo cha kunifika gotini. Ubavu wa mashine ya kufulia. Bawaba za banda la farasi. Mkono wa debe juu yake, wa kulibebea. Uso wake ulikuwa chekeche la babu, na nyuma ya chekeche, imevutwa ikakaza kama ngozi ya ngoma, soksi yangu. Ndani yake kitu kilikuwa kinavuma, na taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Pembeni palikuwa na kioo kinachong'aa, na Isbrand ameketi mbele yake, mdomo wazi.

Kioo cha namna ile nilikiona mara moja mjini, kwa daktari wa meno. Nilijua jina lake. Kompyuta. Nikatoka pale na mayai mawili yamevunjika kwenye aproni.

Tangu hapo sikulala vizuri wala kula vizuri. Trekta la mpira lilimpeleka mjomba kwenye meza ndogo, hiki je? Na Isbrand alikuwa anafanya kosa moja ambalo yeye, fundi, angepaswa kulijua kuliko wote. Umeme kwetu ni marufuku, ila jenereta za karakana tumeruhusiwa. Lakini fundi anapochomelea, jenereta huguna kila waya unapogusa chuma, kisha hupumua, kisha huguna tena. Kwetu hata mtoto anayenyonya anaujua mlio huo. Ya Isbrand ilikuwa inaimba sauti moja tu, saa nzima, bila kuguna. Kila aliyepita na farasi alisikia kwamba mle ndani umeme unakwenda kwenye kitu kingine.

Nilitaka kumwambia. Nilifika hadi mlangoni mara nyingi, nikarudi. Mimi ni wa kurudi.

Wahubiri wetu hukutana Alhamisi, na hapo ndipo huamuliwa nani atengwe. Jumatano moja asubuhi nikaamka nikakuta vyungu vya maua viko nje, kwenye ngazi.

"Navimwagilia," mama alisema kabla sijauliza.

Lakini udongo wa vyungu ulikuwa mkavu. Nikaingia ndani. Meza ndogo ilikuwa imefutwa, na juu yake palikuwa na sahani moja, imefunikwa kifudifudi kuzuia vumbi. Nikasimama naitazama. Mama alijua nini? Alikisikia kwa nani? Au yeye ndiye aliyesema? Nikamtazama anakanda mkate, hakuinua macho, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa.

Nikachukua kikapu nikaenda kwenye lundo, nikaokota mayai, lakini macho yangu yalikuwa barabarani. Kabla ya adhuhuri nikaona vumbi, na mbele ya vumbi gari la farasi jeusi la Ohm Bergen. Kwetu mhubiri huitwa Ohm. Huyu alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu. Jenereta ilikuwa inaimba.

Nikakimbilia karakana na kikapu mkononi, sikupiga hodi. Niligonga mlango kwa bega mpaka komeo likaruka.

"Neta! Una wazimu?"

"Ohm," nilisema. Ndilo neno pekee lililotoka.

Isbrand akawa mweupe kama lile bati. Alikimbilia kuzima, nikamzuia mkono. Jenereta ikinyamaza ghafla Ohm anapoingia, hiyo ni sawa na kukiri. Nikafungua mlango wa sanduku. Chini, mbali na ule ubao wenye nyaya, palikuwa na nafasi tupu. Nikajaza nyasi kavu za kwenye kikapu, nikapanga mayai juu yake, nikafunga. Kioo nikakitupia gunia la pumba na kikapu juu ya gunia. Vitufe vya kuandikia Isbrand akavifunika kwa aproni yake ya ngozi.

"Mayai?" alininong'oneza. "Mayai, Neta? Ndiyo akili yako hiyo?"

Ohm Bergen alikuwa mlangoni, anatafuna mbegu za alizeti.

"Jenereta yako inaimba vizuri, Isbrand."

"Ndiyo, Ohm."

"Na juzi iliimba. Mke wangu ananiambia, huyu kijana anachomelea bila kuchomelea. Nikamwambia, mama, labda amegundua moto usio na cheche." Akatema ganda mkononi, akaliweka mfukoni kwa adabu. "Sasa nimekuja kuona huo moto."

Ohm alizunguka benchi, akapita kwenye gunia, akasimama mbele ya sanduku. Akainama, mikono magotini, akachungulia kwenye chekeche; soksi ilikuwa imevutwa hata ikapitisha mwanga.

"Ala! Haya ni mayai."

Nilimwona Isbrand anafungua mdomo, na nikajua anakwenda kusema kweli yote, maana hajawahi kuweza uongo zaidi ya dakika moja. Ohm naye alijua. Lakini alinigeukia mimi.

"Nitamuuliza Neta. Huyu hajui kudanganya, kwa sababu hajui kuongea. Neta, mayai haya ni ya nani?"

"Ya kuku mwekundu, Ohm."

"Yanafanya nini humu?"

"Yanapata joto, Ohm."

Alifungua mlango wa sanduku, akaingiza mkono, akagusa yai moja. Lilikuwa na joto, maana lilitoka chini ya kuku muda si mrefu. Macho yake yakapanda hadi kwenye taa ya kijani, yakakaa hapo.

"Na hiki cheusi?" Alikishika kwa vidole viwili, pale nyuma ya chekeche, akakivuta kidogo. "Kitambaa gani hiki? Kinaficha nini?"

Ncha ikachomoka. Kiraka changu cha uzi wa kijivu kikaonekana, pale kidole gumba kinapokaa.

"Ni soksi yangu, Ohm."

Aliiachia kama kaa la moto. Masikio yake yakawa mekundu, kisha shingo. Mkono ule haukujua pa kwenda. Akaufuta kwenye suruali, akaona anaufuta kwenye suruali, akaupeleka nyuma ya mgongo.

"Soksi... ya mguuni?"

"Ndiyo, Ohm."

"Isbrand! Mtu mzima, unachukua soksi za dada yako?"

"Inazuia vumbi, Ohm," Isbrand alisema. "Vumbi linaharibu."

"Vumbi," Ohm alisema. Alikuwa tayari amefika mlangoni, anatazama nje, farasi wake, mbingu, kila kitu isipokuwa mimi. "Kesho wenzangu wataniuliza nimeona nini. Nimeona mayai. Si ndiyo, Neta?"

"Umeona mayai, Ohm."

"Wakitoka vifaranga, niletee wawili. Nitataka kuwaona kwa macho yangu."

Gari lilipotoka getini Isbrand alizima kila kitu akaketi sakafuni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanatiririka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu soksi."

"Ningekununulia nyingine."

"Ungeomba."

"Ungenipa?"

Nikaanza kukusanya mayai. Akaniambia bila kuulizwa. Fundi wa matrekta wa mjini alimpa matumbo ya kompyuta hiyo kama shukrani; ganda lake lilipondwa na gurudumu. Ndani yake mna michoro ya pampu za kale zote, zile ambazo vitabu vyake vimekwisha kuliwa na panya, naye huzitengeneza kwa kubahatisha. Bila sanduku, vumbi la huku lingeiua kwa wiki moja. Aliongea kama mtu aliyekaa na kiu. Nami nilikuwa natazama dirisha la jikoni, ambalo pazia lake lilikuwa limetikisika.

Chakula cha jioni Isbrand aliingia, akaona meza ndogo na sahani yake. Akasimama katikati ya jiko. Mama alikuwa amesimama pia, ameshika bakuli la viazi, hajaliweka popote.

"Ohm amesema nini?" mama aliuliza.

"Ameona mayai," Isbrand alisema.

"Mayai."

"Muulize Neta."

Mama alinitazama. Kisha akaweka viazi kwenye meza kubwa, na Isbrand akaketi kwenye kiti cha baba. Tulikula nusu ya chakula.

"Jumapili Ohm aliniuliza kuhusu jenereta," mama alisema mwishowe, akiongea na mkate wake. "Akaniambia atakuja Jumatano. Nikamwambia sijui kitu. Na kweli sikujua. Kila nilipotaka kuja kuangalia, nilijiambia nina unga mikononi." Akameza. "Trekta la Gerhard nilikwenda kuliangalia. Wahubiri waliponiuliza, nikawaambia nilichokiona."

Baada ya chakula aliirudisha sahani kabatini, akaleta vyungu ndani, na safari hii akavimwagilia.

Mayai tuliyarudisha kwa kuku mwekundu siku ile ile. Vifaranga walipotoka, mimi ndiye niliyewapeleka wawili kwa Ohm Bergen, kwenye kikapu. Alimshika mmoja, akampuliza manyoya.

"Hawa ndio wale?"

"Mayai ni yale yale, Ohm."

Alinitazama usoni, kisha kwa bahati mbaya akatazama miguu yangu, kisha haraka akatazama kifaranga. Hakuuliza tena. Ila mpaka leo gari lake likifika getini kwetu hupunguza mwendo, na farasi wake si mzee. Isbrand akilisikia huchukua waya wa kuchomelea na kugusa kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote, tsaa, tsaa, ili jenereta igune kama inavyotakiwa. Mama hupita na ndoo na kusema, "Leo una kazi nyingi, mwanangu." Sijui anacheka au anaonya.

Isbrand huwaambia watu, wale wachache anaowaamini, kwamba dada yake alimwokoa kwa ujanja. Mimi huinama na kuokota kitu chini. Haukuwa ujanja. Asubuhi ile, nilipoiona sahani moja juu ya meza ndogo, sikufikiria mayai hata kidogo. Nilisogea nikaipima meza kwa viganja, upande hadi upande, mama akiwa amenipa mgongo na unga wake. Zinakaa sahani mbili, Isbrand. Kama Ohm angekutenga, ningeileta yangu.